Fremu mbili tulizozitoa kwa ajili ya ngazi: tathmini ya huduma ya kupanga kinga ya moto, Mwanza

Mimi na mdogo wangu tumejenga jengo la biashara katikati ya Jiji la Mwanza, upande wa Nyamagana, kwenye kiwanja chembamba chenye mteremko na jiwe kubwa ubavuni, kama vilivyo viwanja vingi vya mji huu wa miamba. Jengo lina sakafu ya chini na ghorofa tatu juu yake, na kila sakafu ina urefu wa mita 32 na upana wa mita 10. Kwa kuwa kiwanja kinateremka kuelekea nyuma, tulipata sakafu nyingine chini ya jengo, ambayo nusu yake imefukiwa ardhini, yenye mita za mraba 180, nayo tuliikusudia iwe stoo ya wapangaji. Kabla ya kumwaga zege la msingi, mkandarasi wetu alitushauri tuwaajiri wahandisi washauri wa kinga ya moto, kampuni ndogo ya watu wanne yenye ofisi hapa hapa mjini. Hapa naeleza walichotufanyia, kwa sababu wakati ule nilitafuta maelezo ya mteja aliyewahi kulipia kazi ya namna hii nikakosa.

Nianze na ukweli kuhusu sisi wenyewe. Tulipowaita tulidhani tunanunua mitungi. Tulijua kwamba ramani ya jengo la biashara hupelekwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ikakaguliwe, na tulichotaka ni karatasi ya kupitisha ramani, idadi ya mitungi ya kuzimia moto na mahali pa kuitundika. Mhandisi aliyepewa kazi yetu, mama wa makamo anayezungumza polepole, hakugusia mitungi kabisa katika kikao cha kwanza. Aliuliza nani atapanga kwenye jengo na atauza nini. Nikamjibu kuwa ni maduka tu. Akaniambia, kwa heshima lakini bila kulegeza, kwamba duka la vyombo vya udongo na duka la magodoro ya sponji ni vitu viwili tofauti kabisa mbele ya moto, kwa kuwa sponji huwaka kwa kasi na moshi wake una sumu inayomwangusha mtu kabla ndimi za moto hazijamfikia. Tulikaa saa nzima tukiorodhesha: vitenge na mashuka, rangi na tina, simu na betri zake, vipodozi, na mgahawa wa samaki sakafu ya chini. Orodha hiyo ndiyo iliyobeba usanifu wote uliofuata.

Kikao cha pili kilifanyika kwenye duka tulilokuwa tumepanga wakati huo, katika jengo la mtu mwingine ambalo sitalitaja. Alinisimamisha nyuma ya kaunta, mwisho kabisa wa duka, akaniomba nifumbe macho, niweke mkono wa kushoto ukutani na nitembee hadi barabarani bila kufumbua. Yeye alishika saa. Hatua ya saba nilikanyaga katoni. Kwenye korido niligonga usukani wa pikipiki ambayo mlinzi huiingiza ndani kila jioni. Nilipofika kwenye mlango wa nyuma, ambao ndio uliokuwa karibu, mkono wangu uligusa grili, halafu mnyororo, halafu kufuli la baridi. Ufunguo alikuwa nao mlinzi, na mlinzi alikuwa amekwenda kunywa chai. Ikanibidi nirudi nilikotoka, nizunguke kwa mlango wa mbele. Ilichukua dakika moja na sekunde hamsini.

"Mzee wangu," aliniambia, "hapa hakuna moshi, hakuna anayekusukuma, na njia hii unaipita kwa miaka kumi na moja."

Mdogo wangu, ambaye ndiye aliyekuwa mgumu zaidi kuhusu gharama, hakusema neno mpaka tulipofika nyumbani. Baadaye mhandisi alitueleza kuhusu kiwanda cha nguo cha Triangle kule New York, Machi 25, 1911, ambako watu 146 walikufa, wengi wao wasichana wahamiaji, na mlango mmoja wa kwenye ngazi ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Alisema sheria nyingi za milango ya dharura kule Marekani zilikaziwa baada ya siku ile. Nilimwelewa haraka, kwa sababu baridi ya lile kufuli ilikuwa bado mkononi mwangu.

Sasa nije kwenye ngazi, maana hapo ndipo palipokuwa na mvutano wote. Msanifu wetu alikuwa amechora ngazi moja pana upande wa barabarani, pembeni ya lifti, na nyuma yake fremu za maduka mpaka mwisho wa jengo. Mhandisi alipima kwenye mchoro: mtu aliye fremu ya mwisho angetembea mita 31 kufikia ngazi, na njia ni hiyo hiyo moja. Mwongozo wa Uingereza waliokuwa wakiufuata katika hesabu hizo unaruhusu mita 18 pale ambapo mtu ana upande mmoja tu wa kukimbilia, na mita 45 pale anapoweza kuchagua pande mbili. Aliongeza hesabu ya watu: sakafu ya maduka huhesabiwa mtu mmoja kwa kila mita 2 za mraba, hivyo mita zetu za mraba 320 zinaweza kuwa na watu 160, wote wakitegemea ngazi moja, ambayo moto ukianzia karibu nayo haifai tena. Alitaka ngazi ya pili nyuma, iliyozungushiwa ukuta wa tofali na milango inayojifunga yenyewe, itakayoteremka mpaka uani bila kupita ndani ya duka lolote.

Kwenye mchoro wao wa kwanza ngazi hiyo ilimeza fremu nne, moja kwa kila sakafu. Asiyewahi kujenga kwa mkopo wa benki anaweza asielewe maana ya fremu nne, lakini hiyo ni kodi ya kila mwezi kwa maisha yote ya jengo. Tulikataa, na mdogo wangu alipendekeza ngazi ya chuma ya kuning'inia nje. Mhandisi alikwenda naye eneo la ujenzi, akamwonyesha kwamba upande ule kuna lile jiwe na ukuta wa jirani, na kwamba ngazi ya nje ingepita mbele ya madirisha ya sakafu zote, hivyo anayeshuka angeweza kupita mbele ya dirisha linalotoa moto. Kisha akafanya jambo ambalo ndilo sababu kubwa ya mimi kuisifia kampuni hii. Alikaa na msanifu wetu wiki mbili, wakahamisha vyoo vya ghorofa mbili za juu kutoka nyuma kuja karibu na lifti, na nafasi iliyokuwa ya vyoo ikawa ya ngazi. Fremu tulizozipoteza zikashuka kutoka nne hadi mbili. Mshauri mwingine angetuambia kanuni ndiyo hiyo, tukubali au tuache. Huyu aliitetea ngazi bila kurudi nyuma, huku akihangaikia pia mfuko wetu.

Kazi ya stoo ilinifundisha zaidi. Katika ramani ya awali, ngazi kuu ilishuka moja kwa moja kutoka ghorofa ya tatu hadi stoo, wazi, bila mlango wowote. Moshi hupanda, na ngazi iliyo wazi huwa bomba la kuupandisha, kwa hiyo katoni zikiwaka kule chini, watu wa ghorofa ya tatu wangeukuta moshi kwenye njia yao ya kutokea kabla hawajasikia lolote. Walikata ngazi hiyo kwenye sakafu ya chini kwa ukuta, na stoo ikapewa milango yake miwili inayofunguka nje, moja kwa moja uani. Juu kabisa ya kila ngazi waliweka dirisha la mita moja ya mraba la kutolea moshi, linalofunguliwa kwa mkono kutoka chini, na walichagua upande wa dirisha hilo kwa kuzingatia upepo wa ziwani, ambao mchana huvuma kuja nchi kavu na usiku hugeuka.

Humo stoo ndimo walimoweka vinyunyizio vya maji vya darini, kwani ndimo mtakuwa na mzigo mwingi na watu wachache. Nilikuwa nikiamini kwamba moto ukitokea vinyunyizio vyote hufunguka kwa pamoja na kuharibu bidhaa zote. Mhandisi alinipa kimoja nikishike. Kina ukubwa wa kidole gumba, na katikati yake kuna kichupa chembamba cha kioo chenye kimiminika chekundu. Hicho kichupa hupasuka joto likifika nyuzi 68, na kila kimoja hupasuka peke yake, hivyo maji hutoka juu ya moto tu. Tulihitaji visivyopungua 15, kimoja kwa kila mita 12 za mraba. Tulichora mstari mwekundu ukutani, nusu mita chini ya vinyunyizio, na mkataba wa upangaji unasema hakuna katoni itakayopita mstari huo, kwa sababu mzigo uliogusa dari huzuia maji kusambaa. Magodoro hayaruhusiwi stoo kabisa. Kuna mpangaji aliyekasirika kwa hilo akaenda kwingine, nasi tukamwacha aende.

Hesabu ya maji aliiandika mbele yetu kwenye karatasi. Lita 5 kwa dakika kwa kila mita ya mraba, mara mita 180, ni lita 900 kwa dakika, na kwa saa nzima ni lita 54,000. Kuna mipira ya kuzimia moto kwenye kila sakafu, na miwili ikitumika pamoja kwa lita 30 kwa dakika kila mmoja, inaongezeka lita 3,600. Ukiwa juu ya paa letu unaliona ziwa lote mpaka maji yanapokutana na mbingu, lakini bomba la kawaida linaloingiza maji kwenye jengo halikuundwa kutoa lita 900 kwa dakika, na siku ya moto haisubiri siku ya mgao. Ikabidi tuchimbe tenki la zege chini ya maegesho, la lita 75,000. Ndani yake kuna jambo dogo ninalomwonyesha kila anayenitembelea. Bomba la maji ya matumizi ya kila siku, yaani vyoo na mgahawa, halikutobolewa chini ya tenki. Limetobolewa juu, usawa wa lita 60,000. Maji ya vyoo yakikauka watu watalalamika, lakini zile lita 60,000 hakuna wa kuzigusa, hata akitaka. Gharama ya kupandisha bomba hilo ilikuwa siku moja ya fundi bomba.

Mgahawa nitaueleza kwa kifupi. Tulitaka mitungi ya gesi ikae nyuma ya jiko, juu ya kichanja cha uani. Walikataa kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa chini na kutafuta shimo, na pale chini kulikuwa na madirisha ya stoo. Mitungi imehamishiwa upande wa barabara ndani ya kizimba chenye matundu. Kwa kuwa sato hukaangwa kwenye mafuta mengi, jikoni kuna blanketi la kuzimia moto na mtungi maalumu wa moto wa mafuta, na wapishi wamefundishwa kwamba mafuta yanayowaka hayamwagiwi maji hata tone. Humo wameweka kitambuzi cha joto badala ya cha moshi, la sivyo kengele ingelia kila mchana.

Ramani ilipofika Jeshi la Zimamoto, maofisa waliikagua kwa makini kuliko nilivyotarajia, na walibaini kosa la washauri wetu. Mdomo wa bomba ambao gari la zimamoto huunganishia mpira ili kusukuma maji ndani ya jengo ulichorwa nyuma, penye uchochoro ambao gari haliwezi kuingia. Waliagiza uhamishiwe mbele, na waliuliza kama nyuzi za kiungo zitalingana na za mipira yao. Mhandisi alikubali kosa palepale bila kujitetea. Nilipenda alivyolipokea, ingawa kosa lenyewe ni la kushangaza kwa mtu aliyekuwa ameuona uchochoro ule mara kadhaa kwa macho yake.

Kuna mambo mengine ambayo hayakuniridhisha. Waliahidi kumaliza michoro kwa wiki tatu, wakatumia saba, na kila wiki ya kusubiri mafundi wa nondo walilipwa wakiwa wamekaa. Ripoti yao ya kwanza ilikuwa kitabu kizima cha Kiingereza cha kitaalamu, ambacho fundi umeme wangu alikifungua, akakifunga na kukitumia kuzuia karatasi zisipeperuke. Niliwaomba waandike upya kwa Kiswahili, ukurasa mmoja kwa kila sakafu, wenye mchoro na maelekezo ya fundi. Walifanya, na walifanya vizuri, lakini niliomba mimi. Kazi ambayo itatekelezwa na mafundi wa Igoma na Buzuruga ingepaswa kuandikwa kwa lugha yao tangu siku ya kwanza.

Lalamiko langu kubwa ni usimamizi wa ujenzi. Mkataba wao ulikuwa na ziara mbili tu za eneo la kazi: moja baada ya kuta kusimama, nyingine wakati wa kujaribu pampu. Siku ya pampu ilikwenda vizuri sana. Walizima umeme wa jengo zima, taa za dharura zikawaka zenyewe, pampu ya dizeli ikashika, na mpira wa ghorofa ya tatu ukatoa maji kwa nguvu mpaka fundi aliyeushika akarudi nyuma hatua mbili. Tulishikana mikono, wakaondoka. Mwezi mmoja baadaye akaja fundi wa viyoyozi, ambaye hakuwepo kwenye ratiba ya mtu yeyote. Wapangaji walipokuwa wameshaanza kuingia, bati la dari ya ghorofa ya kwanza lilivuja, nikapanda ngazi na tochi nione linapovuja. Juu ya dari, pale mabomba ya shaba yanapopita kwenye ukuta wa ile njia wima ya nyaya na mabomba inayounganisha sakafu zote, niliona tundu la ukubwa wa ngumi mbili. Nilimulika ndani nikaona mwanga wa ghorofa ya pili. Ukuta tuliolipia ili usimame dhidi ya moto kwa saa nzima ulikuwa umetobolewa kwa nyundo na kuachwa hivyo hivyo. Niliyapata matundu mengine matano.

Nilipowapigia washauri, jibu lilikuwa la kistaarabu lakini lilinivunja moyo: ziara zilizomo kwenye mkataba zimekwisha, wanaweza kuja kwa malipo mapya. Kisheria walikuwa sahihi, na niliusaini mkataba huo mwenyewe. Hata hivyo, mtu anayejua kwa kina kama wao kwamba moshi hupita kwenye tundu dogo kuliko ngumi, na anayejua kwamba mafundi wa viyoyozi na wa intaneti huja mwishoni kabisa wakiwa na keekee za kutobolea, angetuonya kabla hatujasaini kwamba ziara mbili hazitoshi. Tuliwalipa, wakaja, wakayaziba matundu yote sita kwa pamba ya madini na gundi maalumu inayovimba ikipata joto, na kila tundu wakalibandika kibandiko chenye tarehe.

Kwa usanifu wenyewe nawapa nyota tano, na kwa usimamizi baada ya michoro nawapa mbili. Kwa jumla nasema nne, kwa kuwa makosa ya usimamizi tuliweza kuyarekebisha kwa pamba ya madini na gundi, lakini jengo lenye ngazi moja lisingerekebishika bila kuvunja zege. Anayetaka jina lao aniandikie pembeni nitamwelekeza. Awaite mapema, wakati ramani bado iko kwenye karatasi, na aende na orodha ya kweli ya bidhaa zitakazouzwa. Asikubali kauli ya "maduka tu" kama niliyoitoa mimi.

Tunategemea kuanza jengo la pili, dogo, upande wa Nyegezi, na tumewaita wale wale. Safari hii mkataba una ziara sita. Ya mwisho itafanyika baada ya fundi wa viyoyozi kuondoka, na mhandisi atapanda juu ya dari mwenyewe akiwa na tochi.